Baba Mkubwa Alikuwa Bado Anasikia

Bi Batuli, shikamoo.

Nimeanza kuiandikia safu yako ya ushauri mara kadhaa nikaacha, leo nimejifungia chumbani mume wangu akiwa kazini na baba yangu akiwa nje anaota jua, na naomba unisome hadi mwisho hata kama nitakuchosha, kwa sababu jambo lenyewe ukilitazama harakaharaka ni dogo, ni simu tu, simu ya intaneti ya bei nafuu, lakini limeingia kati ya wazee wawili wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyekuwa pale nikafungua mdomo wangu.

Naitwa Spesioza, ninaishi Itetemia na mume wangu Erasmus, ambaye ni mwalimu, ila kwetu ni Ulyankulu. Wazee wetu walikuja pale wakitokea Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa pori wakalifyeka, wakalima tumbaku na mahindi, wakatuzaa sisi. Baba yangu anaitwa Anton Manirambona. Alikuja akiwa kijana pamoja na mama yake na kaka yake, Ferdinandi Nsengiyumva, ambaye kwangu ni baba mkubwa, na kwa tunavyosimuliwa hawakuwa watu wa kuachana, kisima walichimba pamoja, nyumba zao zilitazamana mlango kwa mlango, hata kanisani walikaa benchi moja. Baadaye ukaja ule mwaka watu wa makazi ya wakimbizi tulipoulizwa tuchague, anayetaka kurudi Burundi arudi, anayetaka uraia wa Tanzania abaki. Baba mkubwa akasema anarudi kwenye shamba la babu kule Makamba. Baba akasema yeye haendi, bibi ni mgonjwa haiwezi ile safari, na watoto wamezaliwa hapa hawajui pengine. Waligombana mpaka majirani wakatoka nje. Baba mkubwa alipanda gari la kurudisha watu bila kumuaga mdogo wake, na mwaka uliofuata bibi akafariki, baba akamzika bila kaka yake. Tangu hapo hawakutafutana tena.

Mimi ndiye niliyewarudisha kwenye kuongea, na hili nalisema ili ujue sikuanza kwa nia mbaya. Mama yangu alipofariki nilimchukua baba aje akae nasi kwa sababu miguu yake imechoka, na nilimwona jinsi anavyokaa kimya mchana kutwa kama mtu anayesubiri gari, nikaulizia kwa watu wa Ulyankulu wenye ndugu huko ng'ambo mpaka nikampata Esperansi, binti wa baba mkubwa. Tukaandikiana ujumbe, tukalia sote wawili, tukakubaliana wazee waongee. Lakini kupiga simu ya kawaida kwenda Burundi, salio linaisha watu wakiwa bado wanaulizana hali, ndipo nikamfuata Bundala.

Bundala ana duka la vifaa vya umeme jirani na kwetu, amesimamisha mlingoti na anagawa intaneti kwenye nyumba za mtaani kwa malipo madogo ya kila mwezi. Nikamwambia nataka ya chini kabisa, ya kuongelea tu. Alinieleza, Bi Batuli, siwezi kumsingizia. Alisema, "Dada, kwa bei hiyo utaongea, ila usiitegemee kama simu ya kawaida. Watu wakiwa wengi inazidiwa, mawingu yakifunga inayumba, na kuna siku sauti inakwenda upande mmoja tu, mwenzako anakusikia, wewe humsikii. Ukiona hivyo kata, piga upya." Nikamjibu kwa dharau za kitoto, "Sisi tunasalimiana tu, Bundala, hatuendeshi benki." Akacheka, akapanda juu ya bati akafunga antena, na kile kisanduku chenye taa za kijani akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Basi wazee wakaanza kuongea kila Jumapili baada ya Misa. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, maana sauti inachelewa, huyu anauliza, anaona kimya, anauliza tena, kumbe jibu la kwanza liko njiani, wote wawili wanaongea kwa pamoja na wote wawili wananyamaza kwa pamoja. "Unanisikia?" "Nakusikia, wewe unanisikia?" Wakati mwingine sauti ya baba mkubwa ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa, baba akacheka mpaka akakohoa. Lakini waliongea. Waliulizana habari za watu waliokwisha kufa zamani na za ng'ombe mmoja wa utotoni aliyekuwa anapiga mateke. Baba alianza kunyoa ndevu Jumamosi jioni ili Jumapili awe safi, kana kwamba kaka yake atamwona. La bibi hawakuligusa, na la kuondoka bila kuagana hawakuligusa, nami nikasema moyoni, waacheni, watafika wenyewe.

Jumapili ninayokuandikia habari zake, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Isikizya. Simu ilikuwa mezani, sauti tumeifungulia ili baba asiishike, mimi nachambua mchele upande wa pili wa sebule. Nikamsikia baba mkubwa akisema, "Anton, leo nina neno la kule nyumbani. Kaa vizuri unisikilize."

Baba akasema, "Nimekaa, kaka. Sema."

Kimya.

"Ferdinandi? Sema, nakusikiliza. Ferdinandi?"

Kimya tu. Baba akaita tena na tena, akanigeukia. "Kuna nini?"

Sikuinuka, Bi Batuli. Ungo ulikuwa mapajani, nilichungulia tu kwa mbali nikaona kioo cha simu ni cheusi, nikasema, "Amekata, baba."

"Amekata?"

"Ndiyo, amekata."

Baba alikaa akiitazama ile simu, halafu akaanza kuongea, si kwa ukali, na pengine angefoka ingekuwa nafuu. Alisema, "Ndiyo kazi yake hiyo, kuondoka mtu akiwa bado anaongea. Kaniacha na mama mgonjwa akaenda kula shamba la baba, sasa anataka nimnyenyekee kwa simu. Unajua mama alikufaje, Spesioza? Alikufa akimwita yeye. Mimi nimemshika mkono, mimi niliyemwogesha na kumlisha, ananiangalia ananiita Ferdinandi. Nikaitika. Nikamwambia, ndiyo mama, ni mimi Ferdinandi, nimerudi. Akafurahi akafa. Siku ile nilimzika mama na yule mwingine nikamzika humohumo. Simu hizi napokea kwa ajili yako wewe tu mwanangu. Mimi kaka sina."

Nikaweka ungo chini nikaenda kumshika bega, na nilipoinua ile simu kioo kikawaka, nikaona muda wa maongezi bado unahesabika. Simu haikuwa imekatwa. Nimesimama vile nikiitazama, ndipo ikatoa ule mlio wake mfupi, ikakatwa kutoka kule.

Baba hakukiona kile kioo. Nami nikairudisha simu mezani, nikarudi kwenye mchele.

Jumamosi iliyofuata alinyoa ndevu, Jumapili akakaa. Hawakupiga. Akaniambia, "Hebu piga wewe." Nikapiga, ikaita mpaka ikanyamaza. Akasema, "Unaona?" akaenda kulala mchana na si kawaida yake. Imekuwa hivyo hadi sasa. Nilimwandikia Esperansi kumuuliza, nikiomba Mungu aseme walikuwa wameshatoka chumbani. Alinijibu kwamba kwao sauti yetu ilikuwa safi kabisa, walisikia hata mchele unavyorushwa kwenye ungo. Baba mkubwa alikuwa ameinama juu ya simu anaita kwa nguvu, "Nipo, Anton, nipo, mbona hunisikii?" Baadaye akaacha kuita akawa anasikiliza. Baba alipomaliza, aliibonyeza simu mwenyewe, akatoka akaenda migombani, na chakula cha siku ile hakukigusa. Na lile neno la nyumbani alilotaka kusema ni kwamba kuna sehemu ya shamba la babu ambayo miaka yote hii amekuwa akiitunza kwa jina la mdogo wake, hajawahi kuilima kwa faida yake, alitaka kumwambia aje aione akiwa bado ana nguvu.

Bi Batuli, tangu nisome ujumbe huo nimekuwa mtu wa ovyo. Nilikwenda dukani kwa Bundala nikamtolea maneno mbele ya wateja, nikamwambia anauza uchafu, ameua ukoo wetu. Alinisikiliza tu. Mume wangu anasema ninyamaze, baba ana presha, akijua kaka yake alisikia yote atakufa kwa aibu, muda utapoza. Esperansi naye anataka baba apige aombe radhi, lakini atapigaje kuomba radhi kwa jambo asilojua kwamba lilisikika? Juzi nilifikiria nimwambie Esperansi kwamba baba alikuwa anamsema mtu mwingine, nikaona aibu kabla ya kuandika. Baba anaamini ametupwa mara ya pili, baba mkubwa anaamini kwamba alikwisha kuzikwa, na anayejua pande zote mbili ni mimi niliyesema amekata bila hata kuinuka kwenye mchele. Nifanye nini? Nimwambie baba au nife nalo?

Spesioza, Itetemia

*

Marahaba, Spesioza. Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, sasa nawe nisome hadi mwisho, hata pale utakapoona nakukaripia.

Kwanza pole. Ulifanya jambo ambalo ukoo mzima ulishindwa, uliwatafuta watu waliopoteana kwa hasira ukawaweka wakacheka pamoja kila Jumapili. Hilo lilitokea na hakuna mtandao utakaoweza kulifuta. Kwa hiyo acha kujiita mtu wa ovyo, haimsaidii baba yako hata kidogo.

Sasa twende kwenye kosa, kwa sababu unalo, ila unalitafuta mahali pasipo pake. Kuchukua huduma ya bei nafuu si kosa. Wengi wetu hapa Tabora tunaongea na ndugu zetu walio mbali kwa njia hizohizo, mimi mwenyewe nina mdogo wangu Maskati ambaye namsikia kwa vipandevipande, na bila hivyo vipande nisingemsikia kabisa. Kosa lako ni neno moja. Lugha yetu imetupa njia mbili za kusema, simu imekatika, na mtu amekata. Ya kwanza inalaumu waya na mawingu, ya pili inamlaumu binadamu. Wewe ulikuwa na mzee ambaye kidonda chake ni kuachwa bila kuagwa, unakijua kidonda hicho tangu utotoni, na ukachagua ile ya pili kwa kuwa ulikuwa na ungo mapajani. Na hata ile ya kwanza isingekuwa kweli, kwa sababu simu ilikuwa bado hewani, nawe hukutazama.

Nimeshakukaripia, inatosha. Ila kuna mtu mwingine umemkosea na hukumuuliza mshauri yeyote kabla ya kumkosea, naye ni Bundala. Alikueleza ugonjwa wa kitu anachouza kabla hujakinunua. Alikutajia mpaka jambo lenyewe lililotokea, na dawa yake akakupa, kata upige upya. Wafanyabiashara wa namna hiyo hawajazi soko. Umekwenda kumvunjia heshima mbele ya wateja wake kwa sababu yeye ndiye uliyeweza kumfokea. Rudi dukani, chagua saa ambayo watu wapo, useme mbele yao kwamba alikuonya.

Sasa baba yako. Mwambie. Mumeo anamwogopea presha, na hofu yake naiheshimu, lakini mzee anayenyoa ndevu kila wiki akisubiri simu isiyokuja, unadhani presha yake inashuka? Huyo anaumia sasa hivi, na anaumia kwa uongo. Afadhali aumie kwa kweli, maana kweli anaweza kuifanyia kitu. Mwambie Erasmus kwamba nimesema hivyo, na kwamba siku hiyo awepo nyumbani akae karibu, si kuzuia bali kusaidia. Dawa za mzee ziwe zimemezwa, awe amekula.

Mwambie asubuhi, mkiwa mmekaa, kwa lugha ya kwenu. Usianze na kwamba kaka yake alisikia. Anza na kwamba hakukata. Mwambie, baba, siku ile mimi nilikudanganya bila kujua, yeye alikuwepo anakuita. Mpe maneno yale aliyoyasema akimwita, yote, kama Esperansi alivyokuandikia. Mwache yamwingie. Halafu ndipo umwambie lile la pili, kwamba aliyekuwepo anaita, alikuwepo pia anasikia. Usilipunguze, usiseme labda alisikia kidogo. Akikukasirikia, kasirikiwa. Ni zamu yako.

La shamba usimwambie. Hilo si lako wala si la Esperansi, ni la mwenye kutoa. Na wewe mwenyewe litoe kichwani, maana ukianza kupatanisha watu huku unawaza shamba, maneno yako yatakuwa na harufu.

Baada ya hapo, mwache baba yako aamue. Usimwandikie ujumbe wa radhi kwa niaba yake, usimfundishe la kusema. Wewe na Esperansi mmewabeba vya kutosha. Akitaka kupiga, nunua salio, piga simu ya kawaida, hata kama itakuwa fupi. Ile ya Bundala ibaki kwa salamu na kicheko, na hakuna ubaya. Neno zito kati ya ndugu halipitishwi pale. Na mkiongea tena kwa intaneti, wekeni kawaida nyumbani kwenu: sauti ikipotea, mtu anabonyeza kwanza, anahakikisha kioo kinasema simu imefungwa, ndipo mdomo unafunguka. Hata mdomo wa mzee.

Na kama miguu ya baba yako inaweza kuvumilia safari, usingoje. Wazee hawa wamepoteza miaka mingi wakiwa wazima wote wawili. Sina uhakika kwamba baba yako mkubwa atasamehe. Aliyoyasikia ni mazito, na yale ya mama yao ndiyo mazito zaidi. Lakini mtu aliyeita nipo, nipo, kwenye simu isiyompeleka popote, huyo hakuwa ameondoka. Fanya haraka.

Bi Batuli

*

Jibu hilo nilimpelekea Spesioza mwenyewe kabla ya kulichapa. Barua yake ya pili ilinifikia mvua zikiwa zimekwisha, na ameniruhusu niiweke hapa.

*

Bi Batuli, shikamoo tena.

Nilimwambia. Erasmus aliketi mlangoni akijifanya anasahihisha madaftari. Niliposema baba mkubwa hakukata, baba alifunga macho, na nilipomwambia jinsi alivyokuwa anaita, aliniomba nirudie, nikarudia. Halafu nikamwambia kwamba alisikia. Hakuuliza alisikia nini. Aliuliza swali moja, "Na ile ya mama, aliisikia?"

Nikasema, "Aliisikia, baba."

Akavua kofia akajifunika nayo usoni. Akasema, "Ile sikutaka aijue kamwe. Miaka yote nilikuwa nimemfichia hiyo. Ningeweza kumpiga nayo siku yoyote, sikumpiga." Alikaa vile mpaka uji wake ukapoa, mimi nalia, Erasmus ameacha madaftari. Hakunikasirikia, Bi Batuli, na nilitamani angenikasirikia.

Tulipiga kwa simu ya kawaida. Esperansi alipokea akamwita baba yake, tukasikia wanabishana kwa chini, halafu akaja. Baba akasema, "Kaka, ni Anton. Yale maneno niliyasema mimi. Mtandao uliharibu ya kwako, ya kwangu haukuyaharibu. Niliyasema nikidhani umeniacha, lakini niliyasema."

Baba mkubwa hakujibu kwa muda. Mkono wangu ulikwenda kwenye simu, baba akausukuma. Ndipo baba mkubwa akasema, "Mama aliniita kweli?"

"Alikuita."

"Na wewe ukaitika."

"Nikaitika."

"Njoo tuonane, Anton. Haya siyawezi kwenye simu."

Kwa hiyo tulikwenda. Tulipanda treni ya Kigoma, na kutoka Kigoma gari hadi Manyovu mpakani, kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kwa wote wawili. Baba mkubwa alikuja na Esperansi, amevaa koti, anatembelea fimbo, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono na hawakuiachia, wakaenda kukaa kwenye ua wa nyumba ya wageni, na mchana kutwa baba alimsimulia kifo cha mama yao, tangu alivyoanza kuugua, alivyokula, alivyokataa kula, mpaka ile siku ya mwisho. Baba mkubwa aliuliza kila kitu, hata nguo aliyozikwa nayo. Walilia wazi mbele ya wahudumu. Jioni baba aliomba msamaha, na baba mkubwa akamwambia, "Nimekusamehe. Ila usije ukaniuliza kama nimesahau." Naye akaomba wa kwake, kwa ile siku ya gari, na baba akamjibu vivyo hivyo.

La shamba alilisema mwenyewe asubuhi ya kuagana. Alisema ile sehemu ya Anton aliitunza miaka yote, na wiki ile ya simu, kwa hasira, aliita wazee wa kule na viongozi akaigawa kwa wanawe. Mmoja ameshajenga, ameingia na mke. "Siwezi kuwatoa," alisema. "Ningengoja hata mwezi, Anton. Sikungoja."

Baba alimwambia, "Kwa miguu hii ningelima nini?" Wakacheka kidogo. Walipoachana, baba mkubwa alisimama, akamuaga kwa jina, wakapeana mkono mara ya pili, ndipo akavuka.

Kwa Bundala nilishakwenda kabla ya safari, nikasema mbele ya watu kama ulivyoniagiza. Aliniambia yamepita, dada, lakini hanitanii tena kama zamani. Wazee wanaendelea kusalimiana Jumapili kwa intaneti ileile, na sauti ikipotea baba anabonyeza mwenyewe, anainua simu juu aione kwenye mwanga, ndipo anasema, "Imekatika."

Niliona nimekuandikia yote, lakini kuna hili la kwenye treni tulipokuwa tunarudi. Kulikucha tukiwa tunakaribia Kaliua. Baba alikuwa dirishani, mashamba ya tumbaku yamevunwa, mabua yamesimama. Akaniuliza bila kugeuka, "Esperansi alikuonyesha picha ya ile sehemu?"

Nikasema alinionyesha.

"Iko mteremkoni au juu?"

"Mteremkoni, baba. Inaangalia upande jua linakotoka."

"Maji yako mbali?"

Nikamwambia kuna kijito chini, hakikauki hata kiangazi, Esperansi ndivyo alivyosema. Baba akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepima. Akasema, "Ningejenga karibu na kijito," akaendelea kutazama nje mpaka tukafika Urambo.

Spesioza